Kuchagua boksi la TV Uganda: anza na runinga, intaneti na umeme wa nyumbani kwako

Tangu michuano ya CHAN ichezwe Namboole mwezi Agosti 2025, ndugu na majirani wananiuliza swali lile lile: ninunue boksi gani la TV, lile la kuchomeka kwenye runinga ili ionyeshe YouTube na Netflix kwa intaneti? Na kwa kuwa AFCON ya 2027 itachezwa hapa kwetu Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania, naona wanaouliza wataongezeka. Kabla ya kujibu, huwauliza mambo matatu. Runinga yako ni ipi? Intaneti unaipata wapi? Umeme wa nyumbani ukoje? Wengi hushangaa, maana walitarajia niwatajie jina wakanunue. Lakini nimeshaona boksi zuri likilaumiwa bure kwa sababu ya intaneti dhaifu, na boksi baya likisifiwa wiki mbili kabla halijaleta balaa nyumbani.

Hatua hizi nazifuata mwenyewe ninapomsaidia mtu. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu jibu la hatua moja hubadilisha ile inayofuata.

Hatua ya 1: Itazame runinga mgongoni

Washa tochi ya simu uchungulie nyuma ya runinga. Unatafuta tundu la HDMI, lile bapa lenye pembe mbili za chini zilizokatwa. Hesabu matundu hayo yako mangapi. Kama liko moja tu na dekoda imeshalishika, utakuwa unachomoa na kuchomeka kila siku mpaka tundu lilegee, kwa hiyo panga pia kununua swichi ya HDMI, inayounganisha vifaa viwili kwenye tundu moja.

Halafu soma karatasi ya namba iliyobandikwa hapo nyuma, upige picha. Ukiingiza namba hiyo ya modeli kwenye intaneti utajua kioo chako kina nukta ngapi. Runinga nyingi za inchi 32 zimeandikwa HD Ready, na kioo chake huwa na nukta 1366 kwa 768. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160. Ukiunganisha boksi la 4K na runinga hiyo hakuna kitakachoharibika, picha itapunguzwa itoshee, ila usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya 4K ambayo kioo chako hakiwezi kuionyesha. Kama runinga yako ni ya 4K kweli, tafuta tundu linalokubali HDCP 2.2. Hiyo ni kinga ya hakimiliki, na bila yake Netflix haitakupa 4K hata boksi liwe bora kiasi gani. Katika baadhi ya runinga ni tundu moja tu lenye uwezo huo.

Wenye runinga za chogo hawajaachwa nyuma. Nunua adapta inayogeuza HDMI kwenda AV, ile ya nyaya nyekundu, nyeupe na njano. Isome vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu ipo nyingine inayogeuza kinyume, kutoka AV kwenda HDMI, na kwa sura zinafanana kama mapacha. Picha itaonekana, ila maandishi yatakuwa madogo na yenye ukungu.

Na kama runinga yako tayari ni smati, inafungua YouTube na Netflix bila kugandaganda, huhitaji boksi. Weka pesa yako kwenye intaneti.

Hatua ya 2: Pima intaneti saa mbili usiku

Usipime asubuhi watu wakiwa kazini. Pima saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, na upimie pale pale runinga inapokaa, si karibu na rauta. Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya mistari 720 (HD), megabiti 5 kwa picha ya mistari 1080, na 15 kwa 4K. Ukipata 4 au 5 zisizoyumba, unatazama vizuri. Ukipata 20 zinazoporomoka hadi 1 kila dakika chache, utatazama kile kiduara kinachozunguka.

Kisha piga hesabu ya data, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwa takwimu za Netflix, saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Familia inayotazama saa mbili kila jioni kwa mwezi inahitaji kama GB 60 kwa picha ya kawaida, GB 180 kwa HD, na GB 420 kwa 4K. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021, baada ya ile kodi ya OTT (ya mitandao ya kijamii) ya shilingi 200 kwa siku kuondolewa, serikali inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Ndiyo maana namshauri mwenye kutumia bando za simu asifikirie 4K kabisa. Kama mtaani kwako imefika faiba ya malipo ya mwezi isiyohesabu GB, hapo una uhuru.

Wale wa waifai ya vocha, ambayo siku hizi imejaa kwenye nyumba na vyumba vya kupanga, nawaomba wasome hapa taratibu. Waifai hiyo hukupeleka kwanza kwenye ukurasa wa kuingiza namba ya vocha. Kwenye simu ni rahisi, lakini kwenye boksi ukurasa huo mara nyingi hufunguka kwa shida au haufunguki kabisa. Isitoshe, vocha nyingi hufungwa kwa kifaa kimoja, kwa hiyo ukiitia kwenye simu, boksi halina lake. Mwendee mwenye mtambo kabla ya kununua, umuulize kama anaweza kukusajilia boksi kwa anwani yake ya MAC, ile namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao. Wengi wanaweza, ni wateja tu hawaulizi. Akikataa, utabaki na hotspoti ya simu, na kila simu hiyo ikitoka nyumbani, runinga inanyamaza.

Hatua ya 3: Andika utakachotazama

Chukua karatasi kweli, kaa na wa nyumbani kwako, kila mmoja aseme chake. Watoto katuni za YouTube, mama mahubiri, wewe mpira na habari. Orodha hiyo ndiyo itakayokwambia programu gani lazima zifanye kazi.

Boksi la intaneti si dekoda. Halina tundu la antena, kwa hiyo stesheni za bure za hewani bado zinahitaji dekoda ya DVB-T2 (mfumo wa dijitali wa antena) au runinga yenye kipokezi hicho ndani. NTV, NBS na UBC hurusha matangazo yao pia YouTube, na wengi wanatosheka na hayo, ila kumbuka yanakula data wakati ya antena hayali. Mpira nao una wenyewe: mechi inaonyeshwa na aliyenunua haki, na boksi halibadilishi jambo hilo.

Halafu kuna flashi. Uganda tunaishi na laibrari za filamu, vile vibanda ambavyo unapeleka flashi ukawekewa filamu zilizotafsiriwa na mavijei. Wengine wana video za harusi, za mazishi, za kwaya, na zote ziko kwenye flashi. Kama nyumbani kwako nusu ya kutazama ni flashi, usinunue kijiti cha kuchomeka HDMI. Vijiti kama Xiaomi TV Stick vina tundu la umeme tu, hakuna pa kuchomeka flashi bila kuongeza kifaa kingine. Chukua boksi lenye tundu la USB la kawaida. Apple TV 4K, pamoja na ubora na bei yake, haina USB pia.

Jambo dogo linalosumbua wengi: flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili lenye zaidi ya GB 4. Filamu ndefu ikikataa kuingia, flashi haijaharibika. Ipange upya kwa exFAT, ukishatoa vilivyomo, kisha ujaribu kama boksi lako linaisoma. Kwa kuchezesha faili, weka VLC. Ni ya bure na inakubali karibu kila kitu.

Hatua ya 4: Tenganisha lenye cheti na lisilo na cheti

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndiyo hatua yenye madhara makubwa ukikosea.

Maboksi ya Android yako ya aina mbili, na kwenye kabati la duka yanakaa bega kwa bega. Aina ya kwanza hutumia Android TV, au sura yake mpya iitwayo Google TV, na imeidhinishwa na Google; hiyo ndiyo yenye cheti. Aina ya pili huchukua Android ya wazi, ile ambayo kiwanda chochote kinaweza kuichukua bila kumuuliza mtu, ikavalishwa sura ya runinga. Hii ya pili ndiyo huandikwa 8K kwa herufi kubwa, na muuzaji hukwambia ina chaneli zote bure milele.

Mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu anayeishi Bombo, alinunua la aina hiyo katikati ya jiji. "Kijana aliniambia, mzee, ukilipa leo hutalipa tena," alinisimulia. Mwezi wa kwanza alifurahi. Mwezi wa pili chaneli zikaanza kufa moja moja, na data yake ya mwezi ikawa inaisha ndani ya wiki. Nilipokwenda kutazama kwenye rauta, boksi lilikuwa linatuma na kupokea data usiku kucha, runinga ikiwa imezimwa. Katoni ilisema hifadhi ya GB 64, nikaijaza mafaili, ikagota kwenye 8. Nilimwambia, "Mjomba, kitu hiki tusikirudishe kwenye waifai yako hata siku moja." Alinyamaza muda mrefu, maana ilikuwa pesa ya pensheni.

Mkasa wake si wa peke yake. Januari 2023 mtaalamu wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza hadharani jinsi boksi la T95 alilolinunua Amazon lilivyokuwa na programu hasidi tangu kiwandani. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ya Urusi ilitoa taarifa ya kirusi ilichokiita Vo1d, kilichokuwa kimeingia kwenye maboksi yapatayo milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025 FBI ya Marekani ikaonya kuhusu mtandao wa BADBOX 2.0, unaotumia maboksi kama hayo na vifaa vingine vya bei ya chini vya nyumbani.

Kazi ya programu hizo ni ipi? Nyingi huligeuza boksi kuwa njia ya kupitishia mambo ya watu wengine. Mhalifu aliye mbali anapita kwenye intaneti yako kujaribu nywila za watu au kubofya matangazo kwa ulaghai, na anayeonekana ni wewe. Wewe ndiye unayelipia hiyo data. Na boksi hilo liko kwenye waifai ile ile inayotumiwa na simu zako zenye mobile money. Siwezi kumshauri ndugu yangu aishi na kitu hicho sebuleni.

Upande wa picha nao una shida. Netflix na wenzao hutumia kufuli iitwayo Widevine. Kifaa chenye daraja la L1 hupewa picha ya HD na kuendelea. Chenye L3, ambalo ndilo daraja la maboksi mengi yasiyo na cheti, Netflix hukikomesha kwenye 480. Unalipia huduma kamili, unapata picha ya enzi za kanda.

Utalitambuaje? Liwashe utazame. Lenye cheti lina Play Store ya runinga, na ukitafuta Netflix humo unaipata. Rimoti yake ina kitufe cha maikrofoni cha Google Assistant. Lisilo na cheti mara nyingi hufunguka kama simu kubwa, lina kimshale cha kipanya, lina soko lake la programu lisilojulikana, na wakati mwingine hukutaka uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi. Likikutaka hivyo, lirudishe kwenye katoni ukiwa bado dukani. Ukitaka uhakika zaidi, weka programu ya DRM Info. Itakuonyesha kama ni L1 au L3.

Yenye cheti ninayoyaona hapa ni ya Xiaomi, boksi la TV Box S na vijiti vyake. Google TV Streamer, iliyotoka 2024, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, hifadhi ya GB 32 na tundu la waya wa intaneti; ni nzuri sana, lakini bei yake huko Marekani ni dola 100 kabla haijasafiri. Chromecast ya zamani ilisimamishwa kutengenezwa mwaka huo huo, kwa hiyo ukiuziwa kama mpya, uliza imekaa dukani tangu lini. Mwenye shemeji Marekani anaweza kuletewa onn, boksi la Google TV linalouzwa kwa bei ndogo Walmart. Roku, hata ukipewa zawadi, usihangaike nayo: huduma yake haijafunguliwa huku kwetu.

Hatua ya 5: Soma namba chache tu

Muuzaji atakutajia namba nyingi. RAM isipungue GB 2. Hifadhi ya GB 8 inatosha mwenye programu chache, ila mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, kwa hiyo ukimudu 16 au 32, chukua. Waifai iwe na 5 GHz pamoja na 2.4. Ile 5 ina kasi na haina msongamano, ingawa haipenyi kuta vizuri, 2.4 inafika mbali zaidi, lakini kwenye nyumba za kupanga kila jirani yuko humo.

Kwa anayenunua bando, namba ya kuitafuta kwa bidii ni AV1. Ni njia mpya ya kubana video inayotumiwa na YouTube na Netflix, na inatoa picha ile ile kwa data pungufu. Boksi lisiloijua hupewa video iliyobanwa kwa njia za zamani, nzito zaidi. Mwaka mzima, tofauti hiyo utaiona kwenye mfuko.

Hatua ya 6: Fikiria umeme kabla haujakatika

Boksi hula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya wati 10, na mengi hutumia volti 5 kama chaja ya simu. Hiyo ni habari njema kwa mwenye sola na runinga ya DC, maana anaweza kuliwasha kwenye tundu la USB la mtambo wake. Hakikisha tu tundu hilo linatoa ampea zilizoandikwa kwenye adapta ya boksi.

Usiliwashe kwenye USB ya runinga ili kuokoa soketi. USB ya runinga nyingi hutoa nusu ampea, na boksi hutaka moja au zaidi. Litawaka vizuri, kisha katikati ya filamu litajizima na kujiwasha, nawe utadhani limeharibika. Tumia adapta yake. Kama ilitoka ng'ambo, isome: iwe imeandikwa 100-240V. Yenye 120V peke yake itaungua siku hiyo hiyo kwenye umeme wetu wa 240.

Na weka kinga ya umeme kati ya soketi na vifaa vyako. Kinachoua vifaa zaidi ni ule msukumo wa umeme ukirudi. Ukikatika, chomoa, subiri urudi utulie dakika kadhaa, ndipo uchomeke.

Hatua ya 7: Dukani, usione haya kuomba liwashwe

Kampala, sehemu kama Mutaasa Kafeero na Kampala Road, maduka mengi yana runinga ya kujaribia. Sema kwa heshima, "Kaka, naomba uliwashe tulijaribu." Muuzaji mwema hakasiriki. Washa hotspoti ya simu yako, fungua Play Store, tafuta Netflix, chezesha video moja ya YouTube, chomeka flashi yako uliyokuja nayo mfukoni. Jaribu kila kitufe cha rimoti. Tazama kama stika ya katoni ilishafunguliwa na kama namba ya katoni inalingana na ya chini ya boksi.

Omba risiti yenye jina la duka, modeli na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo humalizika ukivuka barabara.

Hatua ya 8: Jioni ya kwanza

Fungulia boksi akaunti mpya ya Google, tofauti na ile ya simu yako yenye picha na barua pepe za kazi. Mtoto akibonyeza ovyo, au boksi likiuzwa siku moja, siri zako haziko humo. Liache lijisasishe kabla ya kitu kingine. Huenda likala GB moja au zaidi, basi usianze ukiwa na bando la mwisho.

Kisha punguza ubora wa picha. Netflix ina mpangilio wa matumizi ya data, lakini unabadilishwa kupitia kivinjari, kwenye akaunti yako, si kwenye boksi. YouTube ya runinga huchagua ubora yenyewe, na ukitaka kuushusha unafanya hivyo video ikiwa inacheza. Nenda pia kwenye mipangilio ya picha ya boksi, uiweke 1080 au 720 kulingana na kioo chako. Kwenye runinga ndogo hutaona tofauti.

Zima uchezaji wa video inayofuata, maana watoto hulala na video huendelea hadi alfajiri. Wawekee wasifu wao na PIN ya manunuzi.

Mwisho, weka programu ya Google Home kwenye simu mbili za nyumbani. Ndani yake mna rimoti, na simu ikiwa kwenye waifai moja na boksi inafanya kazi zote, hata kuandika kwa kibodi ya simu. Rimoti hizi ndogo hupotea kwenye makochi haraka, na kupata ya asili ya kununua peke yake si rahisi.